Ugonjwa Usio na Haraka

Mjomba wangu anakamua kondoo. Nikisema hivyo kwa watu wa Nairobi wengi hucheka, halafu huniuliza kama sikumaanisha mbuzi. Hapana, ni kondoo. Ana majike 23 huko Kinangop, na maziwa yao anayatengenezea jibini jikoni mwake, katika sufuria ambayo zamani ilikuwa ya kupikia wageni wa harusi. Majirani nao walimcheka. "Ati kondoo? Si hao ni wa nyama na sufu?" Waliacha kucheka walipoona gari la hoteli likipanda kile kilima kila Alhamisi kuja kuchukua jibini.

Mwaka jana msichana mmoja wa chuo, anayesomea udaktari wa mifugo, alimwomba ruhusa ya kuwatoa kondoo damu kwa ajili ya utafiti wake. Mjomba alikubali, maana chai ilikuwa tayari na msichana alikuwa na adabu. Wiki kadhaa baadaye karatasi ya majibu ikaja. Nilikuwa nimeenda kumsalimia, akanipa niisome kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja. Kondoo 19 hawakuonekana na kitu. Wanne walipatikana na kingamwili za virusi vya maedi-visna. Mmoja wa hao wanne ni Malkia, anayeongoza zizi zima kwa maziwa.

Mjomba alimtazama Malkia. Alikuwa amelala kando ya ua akicheua, tumbo limejaa, sufu safi. Kisha akanigeukia.

"Sasa mwanangu, huyu anaumwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Nairobi na lile swali, nikaanza kusoma. Kusoma kwangu kulinifikisha Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, ambako swali hilohilo liliwahi kuwagharimu watu mifugo yao karibu yote.

*

Mwaka 1933 Iceland ilikuwa nchi ya watu laki moja na kidogo, na kondoo wengi kuliko watu. Kondoo hao waliletwa na wahamiaji wa kwanza zaidi ya miaka elfu moja nyuma, na tangu hapo damu ngeni iliyoingia ilikuwa kidogo mno. Kwa vizazi vingi walikuwa pia kondoo wa maziwa. Majira ya joto yalipofika, wanakondoo walitengwa na mama zao na kupelekwa milimani, na majike yakabaki nyumbani kukamuliwa. Maziwa yalikuwa siagi, jibini na mtindi mzito wanaouita skyr. Kufikia miaka ya thelathini desturi hiyo ilikuwa imekaribia kuisha, lakini kondoo bado alikuwa ndiye nguo, nyama na pesa.

Pesa ndiyo iliyokuwa haba. Biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, na wakuu wa nchi wakawa wanatafuta kitu kipya cha kuuza. Wakaona ngozi za wanakondoo wa Karakul, zenye manyoya yaliyojikunja, ambazo matajiri wa Ulaya walizishonea makoti. Wakaagiza kondoo 20 wa aina hiyo kutoka Halle, Ujerumani.

Nilipofika hapa nilitarajia kusoma habari ya uzembe, kwa sababu sisi tumezoea hadithi za aina hiyo: mkubwa fulani alipewa kitu kidogo, karatasi zikapigwa muhuri usiku. Haikuwa hivyo. Kondoo wale walikuja na vyeti vya afya. Walipofika waliwekwa karantini kwa miezi miwili katika kisiwa kidogo karibu na Reykjavík. Wakaangaliwa, wakaonekana wazima, wakagawanywa kwa wakulima sehemu mbalimbali za nchi. Kila mtu alifanya kazi yake kama ilivyotakiwa. Tatizo ni kwamba karantini ni kungoja ugonjwa ujitokeze, na ugonjwa huu ulikuwa na subira kuliko walinzi wake.

Kwanza ukaja ugonjwa mwingine. Katika shamba la Deildartunga, magharibi mwa nchi, kondoo walianza kuhema na kutokwa na maji puani, mapafu yamejaa uvimbe. Huo nao ulikuja na wale wageni. Watu walipokuwa bado wanahangaika nao, chini yake palikuwa na kingine kinachotembea polepole zaidi, kikatambuliwa mwaka 1939. Kondoo wa miaka mitatu au minne anaanza kubaki nyuma wenzake wakipanda mlima. Anakula lakini anakonda. Anapumua kwa shida hata akiwa amesimama, na baada ya miezi anakufa. Wakulima waliuita mæði, maana yake kuhema. Kondoo wengine hawakuhema. Midomo ilitetemeka, miguu ya nyuma ikaanza kuburutwa, mwisho wakapooza kabisa. Huo waliuita visna, yaani kunyauka.

Kati ya 1933 na 1939 ni miaka sita. Kila kipupwe cha miaka hiyo sita kondoo walifungiwa ndani ya mabanda kwa miezi, pua kwa pua, wakivuta pumzi moja. Kila vuli mifugo ya wilaya nzima ilikusanywa kutoka milimani, ikachanganywa, ikatenganishwa kwa alama za masikio, kila mtu akaenda na wake. Wake, pamoja na chochote alichookota njiani.

*

Walifanya nini? Walijenga ua. Waya zilivutwa kutoka bahari hadi bahari na mto hadi mto, nchi ikakatwa vipande ili kondoo wa kipande kimoja wasikutane na wa kingine. Ua peke yake haukutosha. Ndipo wakaamua kuchinja, na si kuchinja wagonjwa tu. Walichinja kila kondoo katika wilaya iliyoguswa, wakaacha mabanda matupu kwa muda, halafu wakaleta wanakondoo kutoka sehemu ambazo ugonjwa haukufika, hasa rasi ya kaskazini-magharibi. Kuna mahali ugonjwa ulirudi, wakachinja tena. Mnyama wa mwisho wa msururu huo alikwenda mwaka 1965.

Inakadiriwa kwamba maedi iliua kondoo 105,000. Waliochinjwa ili kuiondoa walikuwa kama 650,000.

Nimekaa sana na hiyo namba ya pili. Kwa kila kondoo mmoja aliyeuawa na ugonjwa, sita waliuawa na dawa. Wengi wao hawakuwa wakihema wala kuburuta mguu. Walikuwa kama Malkia, wanacheua. Kati yao walikuwemo waliobeba virusi na waliokuwa safi, na hakuna mtu nchini mzima aliyeweza kuwatofautisha. Daktari alimtegemea mkulima aone dalili, na dalili zilikuja miaka mitatu baada ya kondoo kuwaambukiza jirani zake. Ukishindwa kumjua mwenye hatia, unahukumu kijiji kizima.

Namfikiria mkulima aliyeamka asubuhi baada ya siku hiyo. Mjomba ana kondoo 23 tu, na anamjua kila mmoja kwa sauti ya kikohozi.

*

Mwaka 1948, nje kidogo ya Reykjavík, mahali paitwapo Keldur, ilifunguliwa taasisi ya kuchunguza magonjwa haya. Mkuu wake alikuwa daktari kijana, Björn Sigurðsson. Kazi yake ilihitaji moyo wa aina yake. Alichukua ubongo wa kondoo aliyekufa kwa visna, akauchuja, akawadunga kondoo wazima, kisha akangoja. Hakungoja siku au wiki, alingoja miaka. Mwaka 1954 alikwenda London akatoa mihadhara, akasema kuna kundi la maambukizi ambalo sayansi haijalipa jina. Hayaji kwa kishindo kama mafua, wala hayadumu bila mpangilio kama kidonda sugu. Yanakaa kimya miezi au miaka, kisha yanaanza safari yake iliyopangwa na hayasimami mpaka kifo. Akayaita maambukizi ya polepole.

Mwaka 1957 virusi vya visna vilikuzwa kwa mara ya kwanza katika chupa za maabara, ndani ya chembe hai za kondoo, na wenzake Halldór Thormar na Páll Pálsson walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Punde ikabainika kwamba maedi na visna si magonjwa mawili. Ni virusi vilevile, kimoja kimeingia mapafuni na kingine ubongoni. Sigurðsson hakuishi kuona kazi hiyo ilikofika. Alifariki mwaka 1959, akiwa na miaka 46.

Ukishakuwa na virusi ndani ya chupa, unaweza kuviuliza swali jipya. Unachukua damu ya kondoo, unaiacha igande, unatoa yale maji ya manjano yanayobaki juu, unayakutanisha na virusi. Kama mwili wa kondoo huyo umewahi kukutana na virusi hivyo, ndani ya maji hayo kuna kingamwili, askari waliotengenezwa kwa ajili ya adui huyo tu, na watamshika. Mwaka 1967 Margrét Guðnadóttir na mwenzake walichapisha matokeo yao kuhusu kingamwili katika damu ya kondoo wenye visna na maedi. Ilikuwa miaka miwili baada ya kondoo wa mwisho kuchinjwa. Ushahidi ulifika mahakamani kesi ikiwa imekwisha. Guðnadóttir baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Iceland.

Njia zikaendelea kurahisishwa, hasa Uholanzi, ambako ugonjwa huu walikuwa wakiujua kwa jina lao wenyewe. Mojawapo bado inatumika na ninaipenda kwa sababu unaiona kwa macho. Unamwaga jeli nyembamba kwenye kisahani, unatoboa visima vidogo, kimoja katikati na vingine kukizunguka. Katikati unaweka vipande vya virusi, kandokando unaweka maji ya damu ya kondoo mbalimbali. Unafunika, unaondoka. Vitu hivyo husafiri taratibu ndani ya jeli, na vinapokutana vikajuana, mstari mweupe mwembamba hutokea kati ya visima. Hakuna mstari, hakuna kesi. Siku hizi maabara nyingi hutumia Elisa, ambapo rangi kwenye kisahani ndiyo inayosema, na inaweza hata kupima maziwa badala ya damu.

*

Sasa turudi kwa swali la Mjomba, maana hapa ndipo nilipokuwa nakosea mwenyewe. Nilidhani kingamwili ni habari njema. Si tunachanja watoto ili wazipate?

Inategemea ni virusi gani. Kinangop ukitazama chini magharibi unaliona Ziwa Naivasha. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa hilo, wanakondoo walianza kufa kwa wingi na kondoo wenye mimba wakatupa. Daubney, Hudson na Garnham walichunguza, na mwaka 1931 wakauandikia ulimwengu kuhusu homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Homa hiyo ina haraka. Mwanakondoo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Lakini kondoo aliyepona amepona. Ukipima damu yake miaka baadaye ukakuta kingamwili, unasoma habari ya vita iliyokwisha na mshindi yuko mbele yako.

Maedi-visna si hivyo. Virusi vyake huingia ndani ya chembe za ulinzi zenyewe na kujiandika katika urithi wao. Askari wanatengenezwa, wanapiga doria, lakini adui amevaa sare zao na analala kambini kwao. Kwa hiyo kingamwili hapa hazisemi "nilipigana nikashinda." Zinasema "bado yumo." Kondoo mwenye nazi ataishi na virusi hadi siku yake ya mwisho, hata kama hatakohoa kamwe, na wapo wengi wasiokohoa kamwe.

Nilimpigia Mjomba simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo haumwi popote, lakini anao."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kama dada yangu."

Sikuwa nimetaka kulifikia jambo hilo, lakini yeye alilifikia kabla yangu. Mwaka 1983 wanasayansi wa Paris walipata virusi vya Ukimwi, na mwaka 1985, muundo wa virusi vya visna uliposomwa herufi kwa herufi, ulionekana kuwa ndugu wa hivyo vipya. Jina la ukoo wao linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya polepole. Kile Sigurðsson alichokieleza mwaka 1954 kwa kuwatazama kondoo, dunia ilikuja kukijua kwa kuwazika watu. Na kipimo cha kwanza kilichowekwa mikononi mwa hospitali, mwaka huohuo wa 1985, kilikuwa cha kutafuta kingamwili.

Sisi tuliokua miaka ya tisini tunakumbuka jinsi kijiji kilivyopima bila kipimo. Kilipima kwa macho. Aliyekonda "ana mdudu." Aliyenona yuko salama. Watu waliokonda kwa kifua kikuu, kwa kisukari au kwa njaa walitengewa vikombe, na walionona waliendelea kuchumbiwa. Ilikuwa Iceland yetu ndogo, bila kisu lakini kwa hukumu ileile ya jumla. Mama mdogo alikuwa mnene na mcheshi. Alipokwenda kituo cha VCT mwaka 2003 akarudi na majibu, bibi yangu alikataa kuamini: "Na mwili huo wote?" Mama mdogo aliamini karatasi. Alianza dawa kabla ya kuanza kukonda. Yuko hai, ana duka Engineer, na ndiye aliyemkopesha Mjomba pesa za kununua friji ya jibini.

Mtu si kondoo, na sitaki mtu asome hapa kana kwamba nimesema hivyo. Kwa binadamu kipimo ni mlango wa dawa. Kwa kondoo hakuna dawa wala chanjo, na mwenye zizi akipata majibu anaachiwa uamuzi tu. Lakini kosa la kusoma afya kwa unene ni lilelile, na Mjomba alikuwa amelilipia mara moja.

*

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1970 J. G. Wandera alichapisha ripoti ya maedi katika kondoo wa Kenya. Kondoo wanaolala nje huupitisha kwa shida kidogo kuliko wanaobanana bandani. Ila kondoo wa maziwa wanabanana. Wanaingia pamoja kukamuliwa, wanalala pamoja ili wasiibwe, na wanaishi miaka mingi kwa sababu wanalipa. Zaidi ya yote, kuna maziwa yenyewe. Mama humpa mtoto virusi katika dang'a, yale maziwa mazito ya saa za kwanza. Virusi hushambulia pia kiwele, kikawa kigumu na maziwa yakapungua bila jipu wala usaha. Ndiyo maana katika nchi za Ulaya zenye kondoo wa maziwa, kama Hispania, kupima damu ni sehemu ya kazi ya zizi.

Msichana wa chuo alirudi akamweleza Mjomba njia waliyoijaribu Waholanzi miaka ya themanini mwanzoni: mshike mwanakondoo anapotoka, asiguse chuchu ya mama, mtenge, mpe dang'a ya ng'ombe kwa chupa. Upime kundi lote kila baada ya miezi sita, kwa sababu aliyeambukizwa juzi damu yake bado haijasema. Na usimpime mwanakondoo aliyenyonya mapema, kwa kuwa atakuwa bado na kingamwili alizopewa na mama, utamhukumu kwa kosa asilolirithi. Mama mdogo aliposikia hilo alicheka. "Hata wa kwangu waliniambia ningoje miezi kumi na minane."

Njia rahisi ilikuwa kuwauza wale wanne kwa mchinjaji. Watatu Mjomba aliwauza, na nyama yao haina madhara kwa mlaji. Malkia alikuwa na mimba. Mjomba alijenga banda dogo ng'ambo ya kijito, mita hamsini hivi kutoka kwa wengine, akamhamishia huko. Watu walimwambia anapoteza mbao.

Alizaa mwezi wa nne, usiku, mvua ikinyesha. Mjomba alilala hukohuko siku tatu akiwa na taulo na chupa. Mapacha, majike wote wawili. Aliwachukua kabla hawajasimama. Malkia aliita mpaka alfajiri, na Mjomba ananiambia hiyo ndiyo sehemu ambayo karatasi za chuo haziandiki.

Juzi majibu ya pili yamekuja. Miwani imetengenezwa sasa, lakini bado alinipigia niyasome naye, picha ya karatasi kwenye simu. Kati ya wale 19, mmoja ameonekana na kingamwili. Mapacha, waliopimwa wakiwa na miezi saba, hawana.

"Soma tena hiyo ya mapacha," akasema.

Nikasoma tena. Nilisikia akiweka kikombe mezani, halafu akamwita kijana anayemsaidia, amwambie alete zile mbao zilizobaki. Kuna mwingine wa kuvushwa kijito.